Kioo cha helmeti kinajaa ukungu? Anza na pua yako kabla hujaenda kununua dawa

Wakuu, msimu ndo huu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane huku Njombe ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na pikipiki unajua kabisa unaenda kupambana na vitu viwili, baridi ya mikono na kioo cha helmeti. Mikono utavaa glavu, utavaa mbili, utajua mwenyewe. Kioo sasa. Hujamaliza hata kilomita moja kimeshakua cheupe kama dirisha la jikoni ugali ukiwa motoni, unafuta kwa nje hakuna kinachobadilika kwa sababu ukungu uko ndani, unakifungua upepo unakuchana macho mpaka machozi, unakifunga tena kinakua cheupe tena, safari nzima ni hiyo kazi.

Mimi nilijifunza kwa lazima. Nilikua natoka Makambako naelekea Njombe mjini, ni kama kilomita 60 tu, mwezi wa sita, hakujapambazuka bado. Shali nimeizungusha mpaka juu ya pua na kioo nimekifunga mpaka mwisho kwa sababu ya baridi, yaani nimejifungia kama mzigo. Taa za gari zinazokuja naziona tu zimetawanyika kama karabai nyuma ya shuka. Mara tairi la mbele likakanyaga kitu, kra kra kra, majani. Matawi. Anayetembea barabara zetu anajua matawi kwenye lami maana yake nini, kuna lori limekufa mbele. Nikakamata breki nikasukuma kioo juu kwa kiganja, na lori la mbao hilo hapo, halina taa hata moja, limebaki hatua chache tu nilibusu. Yale matawi yalikua yamewekwa vizuri tu, tatu tatu, mtu mwenye kioo safi angeyaona kutoka mbali. Nilisogea pembeni nikakaa juu ya tangi dakika kama kumi nikisikilizia moyo.

Siku hiyohiyo nikaanza kuulizia dawa kijiweni. Huyu anasema sabuni ya vyombo, huyu kiazi, huyu dawa ya meno, kuna mzee mmoja akasema mafuta ya taa na alikua hatanii. Nimejaribu karibu zote (mafuta ya taa hapana) na zingine zimeniharibia kioo, ila kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba dawa ya kwanza wala haipakwi kwenye kioo.

Kwanza elewa ukungu unatoka wapi

Soda ukiitoa kwenye friji inatoa jasho, si ndio? Ile chupa haivuji, ni mvuke uliopo kwenye hewa umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. Kioo chako ni ileile chupa. Pumzi unayoitoa ina joto karibu na la mwili, nyuzi 34 au 35 hivi, na imebeba mvuke karibu wote inaoweza kubeba. Kioo kwa nje kinapigwa na upepo wa nyuzi 7 au 8. Pumzi ikikigusa tu mvuke unageuka matone madogo madogo sana, maelfu, na kila tone linavunja mwanga kwa upande wake, ndo maana unaona weupe na sio maji.

Kwa hiyo una njia mbili tu. Ama pumzi isifike kwenye kioo, au ifike ila maji yatandazike yawe utando mmoja mwembamba unaopitisha mwanga badala ya matone. Sabuni na dawa za kupaka zote zinafanya hiyo ya pili. Watu wengi wanakimbilia ya pili wanaisahau ya kwanza, alafu wanalalamika sabuni haifanyi kazi. Itafanyaje kazi wakati umeelekeza bomba la mvuke moja kwa moja kwenye kioo?

Pua na mdomo

Hiyo shali. Ukiizungusha ikafika juu ya pua, pumzi haina pa kutokea isipokua juu, na juu kuna kioo. Ni kosa namba moja na sisi wa nyanda za juu tunalifanya wote kwa sababu baridi haina huruma. Shali ishuke iishie kwenye kidevu, izibe shingo tu. Ukitaka kuziba uso vaa ile kofia ya ninja ya kitambaa chepesi, ila uivute chini kidogo pua ipumue nje yake, na usiziingize pembe zote za shali ndani ya helmeti mpaka pale chini ya kidevu pakazibika kabisa, pale ndo pumzi inapotokea.

Zile barakoa zilizobaki majumbani toka enzi ya Korona zina waya pale puani. Ule waya ukiubana vizuri ufuate umbo la pua pumzi inashuka chini badala ya kupanda. Nilianza kwa utani, sa hivi asubuhi za baridi sana sitoki bila barakoa, na kama waya umelegea napachika kipande cha plasta ya kidonda juu ya pua, mambo yanaisha. Kwa wanaovaa miwani hii ndo nafuu kubwa kuliko zote maana nyie mna vioo viwili vya kuhangaika navyo, cha helmeti na cha macho.

Helmeti nyingi za kufunika uso mzima zinakuja na kile kipande cha raba au plastiki laini kinachokaa mbele ya pua kwa ndani. Watu wanaking'oa siku ya kwanza wanasema kinabana. Kirudishe. Kazi yake ni kugeuza pumzi iende chini, hakina kazi nyingine.

Na namna ya kupumua: vuta kwa pua, toa kwa mdomo huku mdomo wa juu umeusogeza mbele kidogo kama mtu anayepuliza uji uliopo chini yake. Utajiona mjinga dakika mbili tatu za mwanzo, alafu mwili unazoea wenyewe.

Hewa

Angalia helmeti yako pale kidevuni, kuna kitufe kidogo cha kusukuma. Hilo ni tundu la hewa. Juu ya paji kuna lingine au mawili na nyuma ya kisogo kuna ya kutolea. Nimekutana na madereva wamevaa helmeti mwaka mzima wanadhani vile ni urembo. Fungua cha kidevuni, hewa inapanda kwa ndani ya kioo inafagia mvuke. Kikiwa kimejaa vumbi la barabara za Ludewa huko, chukua mswaki wa zamani usafishe.

Alafu kioo chenyewe usikifunge mpaka mwisho. Helmeti nzuri ina meno, ukilisogeza jino moja kinabaki na mwanya mdogo kama unene wa shilingi, hautaumia na baridi na ukungu unakatika palepale. Helmeti yako haina meno, au yameisha? Kata kipande kidogo cha tyubu kuukuu ya pikipiki, upana wa kucha, ukibandike kwa gundi pembeni pale kioo kinapogusa ganda. Hakitafunga tena moja kwa moja. Hii nilifundishwa na fundi mmoja wa pikipiki Makambako na nimeshabandikia helmeti za watu sijui ngapi. Mvua ikija kubwa unakibandua tu.

Ukisimama, popote, kupakia abiria, kusubiri mifugo ivuke, fungua kioo chote. Ukungu unajaa haraka zaidi ukiwa umesimama kwa sababu hakuna upepo wa kuusukuma.

Sponji iliyolowa

Hapa sijawahi kusikia mtu anapasema na mimi naona ni nusu ya tatizo. Jana ulipigwa na mvua, au umetoka jasho kupanda mlima na mzigo, helmeti ukaitundika kwenye sait-mira ya pikipiki nje usiku kucha. Asubuhi sponji ya ndani bado mbichi na kioo kina baridi ya usiku mzima. Unavaa kichwa chenye joto, yale maji kwenye sponji yanaanza kupanda kama mvuke, hata ungeacha kupumua kioo kingejaa tu.

Helmeti inalala ndani. Ikiwa imelowa chomeka magazeti ya zamani yaliyokunjwa humo ndani, yanavuta maji, badilisha mara moja kabla hujalala. Usiiweke karibu na jiko la mkaa wala kuitundika juu ya moto, najua inavutia, ila lile ganda jeupe jepesi la ndani, la kama lile boksi la kuwekea samaki, ndo linalookoa kichwa ukianguka na joto linalisinyaza bila wewe kuona kwa nje.

Sabuni, sasa

Baada ya hayo yote ndo tunakuja kwenye kupaka. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kawaida, ile wanayopima dukani kwa mia tano inatosha msimu mzima. Shampuu ya watoto nayo inafanya kazi na haiwashi macho, povu la kunyolea pia. Vyote ni kitu kimoja, vinafanya maji yasijikusanye kuwa matone.

Kabla hujapaka angalia kama kioo chako ni kipya na kina dawa ya kiwandani: kihohoe, yaani kipulizie pumzi ya mdomo, hooo, kama unavyofanya kwenye kioo cha simu. Kisipofanya ukungu kiache, usipake kitu, sabuni na kusugua vitaimaliza ile dawa mapema bure.

Kikifanya ukungu, kitoe kwenye helmeti kama kinatoka kirahisi. Kwa nje kuna wadudu waliokaukia na vumbi, usisugue vikavu, hapo ndo mikwaruzo inapoanzia. Chukua kitambaa kilicholowa maji vuguvugu ukifunike dakika kumi, wadudu watalainika wenyewe. Osha pande zote mbili kwa vidole na tone la sabuni, suuza, kiache kikauke kivulini. Lazima kikauke, watu wanapaka kwenye kioo kibichi alafu wanashangaa michirizi.

Sasa tone la sabuni ukubwa wa punje ya harage, sio zaidi, kwenye ncha ya kidole. Sambaza upande wa NDANI wote mpaka kwenye kona, kioo kitakua na utusitusi mweupe. Kiache dakika tano mpaka kumi. Usisuuze! Chukua kitambaa laini kikavu, fulana ya pamba iliyochakaa ndo nzuri kuliko vyote au kile kitambaa cha kufutia miwani, futa taratibu kwa kuzungusha mpaka kioo kionekane kama hujapaka kitu. Usibonyeze sana, unataka utando ubaki. Kihohoe tena. Sehemu ikifanya ukungu hapo hapajapata, rudia hapo tu.

Inakaa siku moja mbili, ukisafiri sana ni kila asubuhi, dakika chache chai ikichemka. Ukiweka nyingi utajuta, mvuke ukiwa mwingi inayeyuka inachirizika na kuna siku iliniingia jichoni nikiwa nashuka kona za Kitonga, sitaki hata kukumbuka.

Vile visivyofaa

Kiazi. Huku kwetu viazi ni vingi kuliko mawe kwa hiyo kila mtu ana bibi aliyemwambia ukate kiazi usugue kioo. Kinafanya kazi kweli, ule wanga unatandaza maji kama sabuni, ila kwa safari fupi tu, na jioni taa za gari zinazokuja zinachora miale kila upande kwa sababu wanga umeacha michirizi. Umekwama njiani na una gunia la viazi nyuma? Tumia. Nyumbani kuna sabuni.

Mate. Wazamiaji wanatema mate kwenye miwani yao kabla hawajaingia baharini na inawasaidia, wao wana maji ya kusuuzia. Wewe utabaki na harufu.

Dawa ya meno hapana kabisa. Ina chembe za kusugua, inakwangua. Sabuni ya unga nayo hivyohivyo, zile punje. Petroli, thina, spiriti, na zile dawa za kupulizia vioo vya madirisha zenye harufu kali ya amonia, hizo usiziguse. Kioo cha helmeti sio kioo, ni plastiki ya polikaboneti, ngumu lakini inachukia kemikali, unaweza usione kitu leo alafu baada ya wiki kinaanza kupata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Mimi kimoja nilikiua kwa thina nikitaka kutoa gundi ya stika.

Na kama kioo kimeshakwaruzwa kila mahali, hakuna cha kupaka. Nunua kingine. Usiku mikwaruzo inatawanya taa kama ukungu tu na utabaki unasugua sabuni kwa ugonjwa usiokua wa sabuni. Usinunue cheusi kama unatembea alfajiri, tafadhali.

Kama mfuko unaruhusu

Kuna kitu kinaitwa Pinlock, kioo cha pili chembamba kinachopachikwa ndani ya kioo kikubwa, kimezungushiwa mstari wa silikoni pembeni. Katikati ya vioo viwili inabaki hewa iliyofungwa, hiyo hewa inazuia baridi ya nje isifike kioo cha ndani, alafu kioo chenyewe cha ndani kinanyonya unyevu. Ndo kitu pekee nilichowahi kukiona kikishinda baridi ya Makete bila hadithi.

Sasa sikiliza, helmeti nyingi za mtumba kutoka Ulaya kioo chake kina vipini viwili vya plastiki, kimoja kushoto kimoja kulia kwa ndani, na watu wanavikata wakidhani ni takataka. Ni vya Pinlock. Ukikipata, kunjua kioo kikubwa kiwe kama bapa, pachika upande mmoja alafu wa pili, kiachie, ndo utoe kile kiplastiki cha kulinda. Ule mstari wa silikoni lazima uguse mzunguko wote. Ukiona ukungu katikati ya vioo viwili basi kuna mwanya, vile vipini vinazungushwa kidogo ili kukaza. Kisafishe kwa maji na kitambaa laini tu, na hapo sabuni ya kupaka haihitajiki. (Na helmeti ya mtumba ikague kwanza ganda la ndani kama lina ufa au pamebonyea, iliyoshaanguka na mwenzako haikufai hata ingekua na vioo vitatu.)

Ukungu wa Mungu

Lugha yetu inaita vyote ukungu ndo maana watu wanachanganya. Kuna ukungu wako wa ndani na kuna ule uliolala barabarani, ule wa Isyonje ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, au wa kupanda Kitulo, wenzetu wa Limuru na Kabale mnao wenu. Ukipita humo matone yanakaa nje ya kioo na sabuni ya ndani haiwezi kuyagusa. Kupima ni rahisi, pitisha kidole: kikilowa kwa nje ni wa Mungu, kikilowa kwa ndani ni wako.

Wa nje futa kwa kidole cha glavu ya mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye mafuta na breki ya mbele usiutoe, na ukigeuza kichwa kidogo kushoto kulia upepo unayasukuma matone pembeni. Punguza mwendo mpaka ule ambao unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona, washa taa ya chini maana ya juu inakurudishia weupe usoni.

Kikikujaa ghafla ukiwa mbio, usianze kuingiza kidole ndani ya helmeti kufuta. Sukuma kioo juu, achia mafuta taratibu, toka kwenye lami kabisa ndo ushughulike. Sio ukingo wa lami. Nje ya lami.

Mimi chini ya siti natembea na kichupa kidogo cha matone ya macho kilichoisha nimekijaza sabuni, fulana kuukuu kwenye mfuko wa nailoni, na barakoa mbili. Helmeti ya abiria nayo naipaka, sheria inataka wote wawili tuvae na abiria asiyeona mbele anahamahama nyuma kila kona. Nina mama mmoja nampeleka sokoni karibu kila siku na matenga yake ya parachichi, asubuhi akishaivaa tu anavuta pumzi anasema, "Mwanangu, leo tena umeniosha na ndimu?"